Mkono wa Bwana Lefti

Vijana, wenzangu wa upimaji, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Saa nimeitundika. Maandishi yamechelewa, kwa sababu mimi ni mtu wa darasa la nne, na barua ya ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Mambo ya vyeo na mishahara sitayaandika. Yamo kwenye faili, na faili haioni haya. Nitaandika juu ya neno moja la Kiingereza ambalo mnalitumia kila siku bila kulifikiria, na juu ya watu wawili waliolipia kosa langu.

Neno lenyewe ni lefti.

Shuleni kwetu Pongwe mwalimu alituambia maana yake ni kushoto. Tuliliandika kwenye vibao, tukalifuta kwa mate, tukaenda kucheza. Nilidhani nimelimaliza. Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kijana wa miaka kumi na saba, na siku ya kwanza tu nikajua kwamba mwalimu hakutuambia hata robo.

Nilikuwa na haya kupita kiasi. Nasema haya, si adabu. Adabu ni kumsalimia mkubwa, haya ni kunyamaza hata unapomwona mkubwa anakwenda kukanyaga nyoka. Mama yangu alizoea kuwaambia wageni, "Mbwana akiungua moto atangoja aulizwe." Wageni walicheka, nami nilicheka nao huku nimeinamisha kichwa.

Aliyenipokea kazini alikuwa Mzee Mhina, Mbondei wa upande wa Muheza, mkuu wetu sisi washika mnyororo wa kupimia ardhi. Alikuwa mfupi, mwenye miguu iliyojaa makovu ya miiba ya mkonge, na kofia yake ya kitambaa ilikuwa imepoteza rangi kabla mimi sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jina lako?"

"Mbwana."

"Sema kwa sauti, hapa hakuna mgonjwa. Unajua kushoto ni wapi?"

Nikainua mkono wa kushoto.

"Huo ni wa kwako," akasema. "Hapa kazini wewe huna kushoto. Kushoto anayo Bwana peke yake. Ukiwa kule mbele umemkabili, mkono wake ukielekea kule, na wewe elekea kule kule. Usijiulize ni mkono gani wala ni upande gani. Nenda mpaka mkono ushuke. Usiposhuka, usisimame."

Kombo, mkata njia wetu, alikuwa ameketi juu ya gogo akinoa panga. "Hata kama mbele kuna choo cha watu, mzee?"

"Hata choo. Utapita ukipiga hodi."

Ndiyo yalikuwa masomo yangu yote ya kuanzia kazi. Wengine mlikaa chuoni miaka miwili.

Bwana mpimaji wetu alikuwa Mzungu mrefu, shingo nyekundu kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama ishirini, na mengi ya hayo yalihusu chai. Kazi nyingine zote alizifanya kwa mkono na kwa neno hilo moja. Alikuwa na tabia ambayo sikuiona kwa mpimaji mwingine yeyote baadaye: mshika ufito, yule anayesimamisha mti wenye rangi kule mbele, alimwanzisha makusudi mbali upande wake wa kulia, kisha akamvuta kidogo kidogo kuja kwenye mstari, kama mtu anayetunga sindano kutoka upande mmoja tu. Kwa hiyo kutwa nzima ilikuwa lefti, lefti, lefti. Neno la raiti nadhani alilihifadhi kwa ajili ya Jumapili. Watu wakamwita Bwana Lefti, na najua alijua, maana siku moja alilitumia jina hilo mwenyewe kumtisha mpishi.

Ukiwa karibu naye uliisikia sauti. Lefti fupi, iliyokatwa, ilikuwa upana wa kidole. Lefti mbili za haraka, upana wa kiganja. Lefti ndefu, yenye kuvutwa kama adhana ya mtu mvivu, maana yake tembea, na utembee kweli. Ukiwa mbali sauti haifiki, mkono ndio uliosema: ulionyooka sawa na bega ni mwendo, unaopepea kifundoni ni unyayo mmoja, na kidole peke yake ni upana wa kidole. Mikono yote miwili ikienda juu na kushuka pamoja, piga ufito ardhini.

Na sisi tulikuwa na usemi wetu mmoja, mmoja tu. Mshika ufito akiliona jiwe la mpaka la zamani, anaushika ufito kwa mikono miwili na kuulaza juu ya kichwa, kama mwanamke anayetua mzigo wa kuni. Hiyo ni kusema: nimeona, njoo utazame. Bwana akiona hivyo hana hiari. Ataacha darubini yake ya kupimia na kuja kwa miguu, hata iwe nusu maili ya matope. Mzee Mhina alitukaririsha sababu yake mpaka tukaota: "Jiwe la zamani hushinda karatasi mpya." Karatasi huandikwa na mtu aliyekaa kivulini. Jiwe lilizikwa na watu waliosimama pale pale, wa pande zote mbili, wakiwa wanatazamana.

Mzee Mhina pia alitufundisha mnyororo, ambao ninyi mmeuona ukining'inia ukutani tu kama nyoka aliyekaushwa. Mnyororo hurefuka. Watu hawaamini chuma kinaweza kurefuka, lakini ukivutwa mwaka mzima kila kijipete hufunguka kidogo, na mwisho unapima uongo huku unang'aa. Kila Jumatatu kabla ya chai tuliunyoosha baina ya vigingi viwili alivyovipima mwenyewe, na jioni tuliufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Miguuni tulijifunga vipande vya gunia kwa sababu ya miiba ya mkonge. Mwiba ule hauchomi tu, huingia na kukaa, na mimi ninao mmoja gotini mpaka leo ambao umepata pensheni pamoja nami.

Miezi michache baada ya kuanza nilifanya kosa lililonipa jina. Tulikuwa pwani ya upande wa Kigombe tunatafuta jiwe la zamani, na mimi nilikuwa mbele. Nikaliona jiwe jeupe, bapa, juu limelainika kama limepigwa randa. Nikaulaza ufito juu ya kichwa. Bwana Lefti akaacha darubini, akaja na viatu vyake virefu akizama kwenye tope la mikoko, Mzee Mhina nyuma yake. Walipofika, kabla hatujasema neno, akatokea bibi mmoja na kapu, akatoa pweza, akaanza kumpiga juu ya jiwe letu. Pa! Pa!

Mzee Mhina akamwuliza kwa upole, "Bibi, jiwe hili ni la nani?"

"La pweza," bibi akasema bila kuacha kupiga. "Tangu enzi za nyanya yangu. Mnalitakia nini, nyie hamna kazi?"

Bwana Lefti alicheka mpaka akavua kofia. Angenitukana ningelala usingizi siku ile. Kuanzia hapo sikuitwa Mbwana tena, niliitwa Pweza. Nikichelewa kurudi, Kombo alisema, "Mwacheni, anakusanya miguu yake minane." Kila nilipoushika ufito alipaza sauti, "Pweza! Leo umeona jiwe? Tulete pilipili?" Hakuwa mtu mbaya. Alinipa nusu ya muhogo wake siku nilipougua homa. Lakini mtu mwenye haya hahitaji mtu mbaya ili apatwe na mabaya.

Niliapa moyoni sitaulaza ufito juu ya kichwa changu tena.

Mwaka wangu wa pili, mkonge ulipokuwa na soko na kila shamba likitaka kuongeza ardhi, tulipelekwa ng'ambo ya mto Pangani, njia ya kwenda Ushongo, kupima upya mpaka wa shamba moja la mkonge. Jina lake sitalitaja. Upande wa pili wa mpaka ule palikuwa na kijiji, na katika kijiji hicho aliishi shangazi yangu Mwanaidi, dada wa marehemu baba. Nilipokuwa mdogo nilikaa kwake misimu miwili. Alikuwa mjane, na mali yake yote ilikuwa shamba la minazi aliloachiwa na mumewe, minazi thelathini na kitu, pamoja na kisima cha maji baridi walichochimba wenyewe. Kwa minazi ile alikula, alivaa, na aliwasomesha watoto wa watu.

Kazi ilikuwa rahisi. Juu kilimani palikuwa na jiwe la kwanza, tulilipata bila shida. Jiwe la pili lilipaswa kuwa chini, karibu na mwanzo wa mikoko, mahali ambapo shamba la mkonge lilikutana na minazi ya shangazi. Hilo lilikuwa halijaonekana miaka mingi. Wazee wa kijiji walisema lipo, ni jiwe la Mdachi, lina msalaba juu. Bwana Lefti alikuwa na karatasi aliyopewa, yenye pembe ya kupigia mstari kutoka kilimani. Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba tarakimu ya pembe ile haikuwa sawa na ile ya kitabu cha zamani. Kama ilinakiliwa vibaya au ilinakiliwa vizuri mno, sijui.

Nikatumwa mbele na ufito. Kilimani walibaki Bwana Lefti kwenye darubini na Mzee Mhina pembeni yake.

Nikaanzia kulia mbali, ndani ya mkonge, kama kawaida yake. Mkono ukanyooka. Nikatembea. Miiba ikanichoma, nikatembea. Nikatoka kwenye mkonge, nikaingia kichakani, na huko mguu wangu ukagonga kitu kigumu chini ya majani.

Nikainama kidogo, kama mtu anayejikuna. Jiwe la mraba, la saruji ya zamani. Nikafagia majani kwa unyayo. Msalaba. Mistari miwili iliyochongwa kwa patasi, iliyokutana katikati sawasawa, na mdudu amelala ndani yake. Hakuna mwanamke aliyewahi kupiga pweza juu ya jiwe lile.

Nikainua macho kilimani. Nilijua mkono utashuka. Mstari lazima upite hapa, jiwe si liko hapa? Nikangoja ushuke.

Mkono ulikuwa bado umenyooka.

Ufito ulikuwa mikononi mwangu. Sikutakiwa kusema neno, vijana. Hilo ndilo ninalotaka mlijue. Mtu mwenye haya anaweza kusamehewa kwa kutosema. Mimi nilitakiwa kuinua mikono tu. Nikasikia shoka la Kombo mahali fulani nyuma, nikaisikia sauti yake kichwani, tulete pilipili? Nikajiambia: wao wana darubini, mimi nina macho. Nikajiambia Bwana atakuja mwenyewe kulitafuta. Na wakati najiambia hayo mguu wangu ulikuwa umekwisha kuvuta kuti kavu na kulifunika jiwe. Sijui kwa nini. Nadhani sikutaka linitazame.

Nikaufuata mkono.

Hatua kumi. Ishirini. Thelathini na ushei. Nikaingia kwenye minazi ya shangazi, nikaupita mnazi wa kwanza, wa pili, nikakipita kisima. Ndipo mikono miwili ikapanda na kushuka. Nikapiga ufito ardhini.

"Nani huyo? Mbwana!" Shangazi alikuwa kisimani upande wa pili, ndoo mkononi. "Mwanangu! Umekuja kimya kimya kama mwizi, na huo mti wenye rangi wa nini?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Hawawalishi? Ngoja."

Akamwita mtu wa kupanda, likaangushwa dafu, akalifua mwenyewe kwa panga na kunipa. Nikalinywa nikiwa nimeushika ufito kwa mkono mmoja, kwa sababu mshika ufito haachi ufito. Shangazi akakinga jicho kwa kiganja, akatazama kilimani, akamwona Bwana Lefti anapepea mkono kurekebisha.

"Ati yule ananionyesha mimi minazi yangu kwa mkono wa kushoto?" akasema. "Huko kwao hawakufunzwa? Mkono wa chooni ule!"

"Anasema lefti, shangazi. Ni kazi."

"Mnazi hauna lefti, mwanangu. Una pwani na una bara. Mwambie akija aseme pwani au bara, tutaelewana." Akacheka. "Kunywa, lisimwagike."

Nililinywa lote. Nyama ya dafu alinikwangulia kwa kipande cha kifuu.

Alasiri tulipokusanyika kula, Mzee Mhina alikuja akaketi karibu nami, mbali na wengine. Alikula mpaka akamaliza. Kisha akasema:

"Pale kichakani ulisimama."

"Ndiyo, mzee."

"Mkono haukushuka, ukasimama. Sijapata kukuona unasimama kabla ya mkono kushuka. Uliona nini?"

"Siafu."

"Siafu," akasema. Akanitazama miguu, akapanda kwa macho mpaka magoti, akitafuta palipoumwa. "Mbwana. Nikuulize tena, au yatosha?"

Alikuwa ameniita jina langu. Kundi zima hakuna aliyeniita hivyo tangu Kigombe. Nikasema, "Yatosha, mzee." Akainuka, akaenda kuufuta mnyororo.

Vigingi vilipopigwa na kijiji kikaona mpaka umeingia kwenye minazi na kukimeza kisima, wazee walilalamika. Baada ya wiki mbili Bwana Shauri, Mzungu wa Serikali aliyeamua kesi za wilaya, alikuja kutoka Pangani, pamoja na Liwali, wakakaa kwenye viti kando ya kigingi kipya. Kijiji kizima kilikuwepo. Shangazi alivaa kanga mpya na kukaa mbele, mtulivu, maana alijua jiwe lipo. Mumewe marehemu aliwahi kumwonyesha. Lakini miaka ilikuwa imepita, kichaka kimeota, na yeye alikumbuka mahali palipokuwa na mkwaju ambao ulikwisha kuanguka.

Mzee Mhina akaomba ruhusa ya kusema. Kwa cheo chake hakupaswa kusema. Akavua kofia.

"Bwana, kabla ya karatasi, jiwe. Nipeni majembe mawili na watu wanne. Tuanze kichakani, tuje hivi. Kabla ya adhuhuri tutalipata."

Bwana Lefti alikunja uso. Alisema kwa Kiingereza kwamba mahali pale palipitwa na mshika ufito na hakuna ishara iliyotolewa. Bwana Shauri, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri, akageuka. "Mshika ufito ni nani?"

Nikasukumwa mbele. Nadhani ni Kombo aliyenisukuma, kwa wema tu, kama mtu anavyomsukuma ndugu yake aende kuoa.

"Wewe ulipita pale?"

"Ndiyo, Bwana."

"Uliona jiwe la mpaka?"

Nilikuwa na nafasi, na nilijua ni nafasi. Lakini nikisema niliona, nitaulizwa kwa nini sikuulaza ufito. Na nikisema sababu, itabidi niseme pweza mbele ya Bwana Shauri, mbele ya Liwali, mbele ya kijiji kizima, na watacheka. Haki ya Mungu, hilo ndilo nililoliogopa. Si kufukuzwa, si jela. Kuchekwa.

"Sikuona, Bwana."

Bwana Shauri akaitazama saa yake. Bado alikuwa anafikiri, naamini hivyo. Akamtazama Mzee Mhina, akatazama kichaka, akafumbua kinywa, na nadhani alitaka kusema, haya, chimbeni. Shangazi ndiye aliyemkatiza.

"Bwana, nisamehe," akasema, amekwisha simama. "Huyu kijana ni mtoto wa kaka yangu. Nimemlea kwa mikono yangu hii. Kama Mbwana amepita na hakuliona, basi halipo. Asingenificha. Wazee wetu wamekosea. Msiwatie watu jasho bure kuchimba."

Watu wakanung'unika. Akawageukia: "Nyamazeni! Mtoto wetu hasemi uongo."

Akaketi, akajifunika vizuri kanga yake. Liwali akasema, "Mama amesema neno la busara." Bwana Shauri akaandika. Majembe hayakuletwa.

Mwaka ule haukuisha kabla minazi haijakatwa na mkonge kupandwa. Jiwe liling'olewa na trekta pamoja na visiki, sikuuliza lilitupwa wapi. Shangazi alihamia kwa shemeji yake, akawa anasuka makuti ya minazi ya watu. Alinipokea kila nilipokwenda, akanilisha. Mara nyingine wanakijiji walipomwambia alidhulumiwa, alikuwa akisema, "Hapana. Tulikuwa tumekosea wenyewe. Mbwana alikuwepo." Alilisema hilo mpaka alipofariki. Nilimzika mimi, niliingia kaburini kumpokea, na watu walisema nimefanya wajibu wa mtoto.

Hamjaniuliza kwa nini katika kazi yangu yote sikumpigia kelele kijana aliyenipeleka maili nzima kutazama jiwe lisilo jiwe. Mlidhani ni upole. Mmoja wenu, namkumbuka, alinipeleka kwenye kipande cha sinki lililovunjika, huko Pongwe, mkaanza kumcheka na kumtafutia jina. Niliwatimua nyote, mkashangaa Mzee Mbwana amepatwa na nini. Ndiyo hiyo sababu. Mashine zenu siku hizi zinasoma umbali zenyewe, hazirefuki kama mnyororo, na mnazungumza kwa redio badala ya mikono. Hata hivyo mwacheni mtu alaze ufito juu ya kichwa mara mia bure. Na msimpe jina.

Limebaki moja la kuandika, nalo nililipita makusudi.

Mwisho wa mwezi ule wa baraza, Mzee Mhina aliachishwa kazi. Walisema ametia watu maneno mbele ya Serikali. Alikuwa ameshika mnyororo tangu ujana wake. Hakunitaja. Angeweza kwenda kwa Bwana Shauri na kusema, kijana aliona, nilimwona akisimama, na hakwenda. Nadhani alingoja niende mwenyewe. Alinipa siku zote za mwezi, na mimi nilizitumia kufuta mnyororo.

Siku ya kuondoka nilimbebea sanduku lake mpaka kwenye pantoni, upande wa Bweni. Alipofika majini akachukua sanduku.

"Ufito watakuachia wewe," akasema. "Uangalie ncha ya chuma, imelegea."

"Ndiyo, mzee."

"Na mnyororo kila Jumatatu."

"Ndiyo, mzee. Mzee, mimi..."

Akangoja. Mwenye pantoni alikuwa anaita watu wapande, kuna mbuzi walikuwa wanagoma, watu wanasukumana. Mzee Mhina alisimama katikati ya vurugu ile akaningoja kama tuna kutwa nzima. Sikumaliza. Akatikisa kichwa, akapanda.

Pantoni ikaanza kuvuka. Ilipofika kama hatua mia mbili, umbali wa kawaida wa kazi yetu, akageuka akanikabili. Akaweka sanduku chini. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, sawa na bega, kiganja kimefunguka, bila kupepea. Abiria walimtazama wakidhani anaaga. Haikuwa kuaga. Mkono ule ulielekea mji wa Pangani, ng'ambo ya mto, ambako Bwana Shauri alikuwa na ofisi yake, na pantoni nyingine ingekuja baada ya muda mfupi, na mimi nilikuwa na nauli mfukoni.

Nilijua maana yake vizuri kuliko neno lolote nililopata kufundishwa. Tembea, na usisimame mpaka ushuke.

Pantoni ilifika ng'ambo. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. Mimi ndiye niliyegeuka kwanza, nikarudi kazini.